Jibu Moja Lisilo na Mwenyewe

2 Juni

Kwa Mwenye Funguo, msimamizi wa Baraza la Kompyuta,

Hunijui, na mimi sikujui ila kwa hilo jina lako la Barazani. Mimi ni mshona mapazia. Kaka yangu ndiye yule mnayemwita Nyundo.

Jana niliona mtandaoni tangazo lako, lenye anwani yako hii ya barua pepe, kwamba Baraza linafungwa tarehe thelathini ya mwezi huu, saa sita kamili mchana, na kwamba baada ya hapo kila kilichoandikwa humo kitafutika. Nikasoma na maneno ya watu ya kuagana chini yake. Yule aliyeiaga printa yake kama anayeachana na mke mkorofi alinichekesha mpaka nikajichoma sindano. Lakini sikuandikii kwa ajili ya kicheko.

Kaka alitoka nyumbani miaka mitatu iliyopita, asubuhi, na mkoba wake wa bisibisi, kwenda kutengeneza kompyuta ya ofisi moja. Akaitengeneza. Akasaini kitabu cha wageni kwamba ametoka. Mlinzi alimwona akivuka geti. Hapo ndipo alipoishia. Hospitali tulizunguka zote, polisi tulikwenda mpaka wakatuzoea, na ndugu wakaanza kutuuliza kwa sauti ya chini tutakaa msiba lini.

Mama alikataa. Alikataa kwa sababu moja tu: mwanawe bado anajibu watu huko Barazani. Ile taa ya kijani kando ya jina lake huwaka. Mtu anauliza kwa nini kompyuta yake inanguruma, Nyundo anamjibu. Macho ya mama hayaoni vizuri, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea, mchana nikirudi kula. "Kajibu?" ananiuliza hata sijavua viatu. "Kajibu, mama." "Basi mtu anayejibu watu hazikwi."

Sasa mnafunga. Baraza likifungwa, mama hana tena pa kumsikia. Ninakuomba kitu kimoja: niambie kaka anaingilia kutoka wapi. Mji gani, mtaa gani, hata mashine gani. Kama ametukimbia, sitamlazimisha arudi. Nataka tu ajue kwamba mama yake anamngoja, na kwamba mimi nimechoka.

Ni mimi,
Dada wa Nyundo


6 Juni

Dada,

Barua yako nimeipata. Pole sana kwa yote mliyopitia.

Kaka yako ni mtu mkubwa kwa Baraza hili. Majibu yake yanapita elfu mbili. Yeye ndiye aliyetuwekea desturi kwamba swali halifungwi mpaka aliyeuliza aandike mwenyewe "imekubali", hata ikichukua mwezi mzima. Jina la Nyundo alilipata siku yake ya kwanza, alipomwambia mtu aliyechoshwa na kibodi kwamba kabla ya kuleta nyundo ajaribu kwanza kukung'uta makombo ya mkate. Ilikubali.

Kuhusu ombi lako, taratibu zetu haziniruhusu kutoa habari za mwanachama. Natumaini utaelewa. Ukipenda, andika neno kwenye ukurasa wa kuagana, ambako kila mtu anaandika hitilafu ya mwisho aliyoitengeneza. Kama ni wa kuliona, ataliona.

Nikuulize jambo, dada. Mama anaamini kabisa kwamba ni yeye? Hapajawahi kuwa na siku akasita? Naomba unijibu hilo.

Wako,
Mwenye Funguo


8 Juni

Kaka Mwenye Funguo,

Barua yako inanuka ofisi. "Taratibu zetu haziniruhusu!" Nyumba inabomolewa wiki tatu zijazo, wewe bado unakataza watu wasiingie na viatu.

Halafu unaniuliza juu ya imani ya mama yangu. Mtu aliyeninyima anwani anaitakia nini? Lakini nitakujibu, maana sina mwingine wa kumweleza.

Hajawahi kusita. Hukaa kwenye kitanda cha kaka, mikono mapajani, nami nakaa kwenye kiti mbele ya kompyuta ile kuukuu, nasoma. Siku moja tu ndiyo ilikuwa tofauti, tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita. Mwanamke mmoja aliuliza: kompyuta yake inajiwasha mchana, nyumbani kukiwa hakuna mtu. Akirudi anaikuta inawaka. Afanyeje? Nyundo akamjibu. Nimelikariri jibu lile bila kutaka:

"Chomoa waya ukutani. Ikiwaka tena, usiizime. Kaa nayo."

Basi. Yule mwanamke hakuandika "imekubali" wala neno lolote. Nilipomaliza kusoma, mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Miaka mitatu hajawahi kuomba nirudie. Kisha akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye soketi, akaugusa waya wa kompyuta, akauacha, akaenda kunawa uso.

Tangu siku hiyo nikiingia chumba kile naacha mlango wazi. Ni chumba cha kaka yangu, nimecheza humo tangu utoto, na sasa nakiogopa. Niambie yuko wapi.

Dada wa Nyundo


15 Juni

Dada,

Wiki nzima nimekuwa nikiianza barua hii na kuifuta. Nitasema moja kwa moja, unilaani ukimaliza.

Nyundo ni mimi.

Asubuhi ile kaka yako alipotoka aliniandikia hivi: "Nishikie zamu, natoka kidogo." Akanipa neno lake la siri, kama alivyowahi kufanya mara kadhaa, kwa sababu alikuwa na maswali aliyoyaacha katikati. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri. Mchana kutwa niko na rafu zangu, na rafu hazina mazungumzo. Kumshikia zamu halikuwa tatizo; maswali yale niliyamaliza siku hiyohiyo. Nikamngoja arudi. Sikujua jina lake halisi, wala kwao, wala kama ana mama. Barazani hatuulizani hayo.

Sasa, tuna sheria, na mimi ndiye niliyeitunga kwa ujinga wangu, kwamba mwanachama akinyamaza siku tisini jina lake linafutwa na majibu yake yote yanakwenda nalo. Majibu elfu mbili ambayo watu wanayategemea mpaka leo! Siku ya themanini na nane niliingia tena kwa jina lake nikajibu swali la printa inayotafuna karatasi. Nilisema ni mara hiyo tu. Yule mtu akaandika, "Asante Nyundo, imekubali." Dada, nilifurahi kana kwamba amerudi. Nikaendelea. Nimejibu kwa jina lake mara sitini na moja, na kila mara nimeweka alama nyuma ya daftari la stoo.

Sikujua kwamba kuna mama anasomewa. Ningejua ningeikata hii mikono. Nimewazuia kumlilia mtu wenu miaka mitatu.

Lakini shika hili. Tangu kaka yako aondoke, jina lake limejibu mara themanini na nne. Ishirini na tatu si zangu. Mara ya kwanza kukutana na jibu nisiloliandika nililisoma mara mbili, kisha nikashukuru: yu hai, yuko mahali, anaingia kimyakimya na kutoka. Hilo la tarehe kumi na nne ni mojawapo. Kwa hiyo usikate tamaa. Mimi ni mwongo, ila yeye yupo.

Nisamehe ukiweza.
Mwenye Funguo


16 Juni

Kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama, dukani, kitambaa cha mteja kikiwa bado begani.

Ishirini na mbili ni zangu.

Neno la siri alilibandika kwa selotepu chini ya kibodi. Kuwafundisha watu kuficha maneno yao ya siri alikuwa hodari, kwake mwenyewe mganga hajigangi. Ikawa kila Nyundo akinyamaza wiki tatu, nne, mama anaacha kula. Anasema ameshiba, na sahani iko vilevile. Basi natafuta swali rahisi, naiga majibu ya zamani, najibu, halafu namsomea. Sikuona kwamba namdanganya. Nilidhani namsaidia kaka: yeye anajibu mengi, mimi naziba pengo. Nilikuwa nayasoma majibu yako na kusema moyoni, tazama, bado anajua kuchekesha. Mara mbili nimelia kwa furaha juu ya maneno ya mtunza stoo.

Kwa hiyo tumekuwa wawili tukimvaa mtu mmoja, wewe shati, mimi suruali, na kila mmoja anaamini mwenyewe yumo ndani. Yangekuwa ya jirani ningecheka.

Sina nguvu ya kukulaani. Kaka yangu hakuwahi kuingia humo hata siku moja tangu atoke nyumbani. Hilo ndilo ninalolimeza sasa, na halipiti.

Ila hesabu yako inanisumbua. Nimeipiga kwa chaki juu ya meza ya kukatia, mara tatu. Zako sitini na moja, zangu ishirini na mbili. Inabaki moja. Lile la tarehe kumi na nne mimi sikuliandika. Niambie ni lako, tafadhali. Niambie ulisahau kuweka alama.

Dada wa Nyundo


19 Juni

Dada,

Si langu. Siku hiyo stoo ilikuwa na ukaguzi. Kutwa nilikuwa juu ya ngazi nikihesabu mikanda ya mashine, na mkaguzi chini yangu kashika ngazi.

Sisi mafundi husema hakuna mzimu, kuna waya uliolegea. Kwa hiyo nilikwenda kuutafuta waya. Baraza lina kumbukumbu ya mlangoni, ambayo miaka yote hii niliogopa kuifungua: kila anayeingia, inaandikwa saa na mashine aliyoingilia. Zangu zote zinaonyesha kompyuta ya stoo. Zako zinaonyesha mashine moja, mchana, bila shaka ndiyo hiyo ya chumbani. Mstari wa tarehe kumi na nne una saa: nane na dakika kumi mchana. Panapoandikwa mashine pako wazi. Nimepekua kumbukumbu za miaka kumi na moja, mstari kwa mstari, sijaona mwingine wenye nafasi tupu. Inaweza kuwa hitilafu tu. Nimewaambia watu wengi sana katika maisha yangu kwamba ni hitilafu tu.

Nikamwandikia na yule mwanamke aliyeuliza. Alinijibu kwa mstari mmoja: alichomoa waya, ikawaka, akakaa nayo, na siku ya pili akahama nyumba. Nilipomuuliza alichokiona hakujibu tena.

Nimebadilisha neno la siri la Nyundo. Jipya nimeliandika kwenye kikaratasi na kukifungia kabatini hapa stoo. Wewe huwezi kuingia, na mimi nimeapa sitaingia. Kama tunamwacha, tumwache kweli. Sasa mwambie mama kabla ya tarehe thelathini. Lawama zote nibebeshe mimi. Mpe hata namba yangu ya simu, anitukane mpaka aridhike.

Mwenye Funguo


24 Juni

Kaka Mwenye Funguo,

Nimemwambia. Jana baada ya kula nilizima redio nikasema yote, yako na yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata shangazi nilimweka chumba cha pili awe tayari.

Mama akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza tangu lini.

"Siku ya kwanza. Mwanangu tangu nimzae hajamwambia mtu pole. Nilimlea kwa maneno na kwa fimbo, pole haikutoka. Akikukanyaga anakuuliza mguu wako unatafuta nini hapo. Huyo wa kwenye kompyuta kila jibu ni pole, pole dada, pole na usumbufu. Nikasema, huyu ni mtoto wa watu, kalelewa vizuri."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa unanisomea huku unacheka. Kabla ya hapo ulikuwa umekonda mpaka pete inadondoka kwenye sinki. Nikasema, acha asome."

"Na ulivyokuwa unaacha kula?"

"Wewe ndiye ulikuwa huli. Mimi nitakulaje peke yangu?"

Kaka, nilidhani nimembeba mama. Kumbe muda wote huo yeye ndiye aliyenibeba mimi mgongoni, na macho yake hayo. Niliinamisha kichwa mezani nikalia mpaka shangazi akaja kuchungulia ni nani aliyezidiwa.

Nilipotulia mama akasema, "Ila lile la mwezi uliopita ni lake." Akalitamka bila kukosea neno. "Hivyo ndivyo anavyoongea mwanangu. Anaamrisha, anaondoka."

Nikamwambia basi labda yu hai. Alisugua goti.

"Kama yu hai, na anaweza kumjibu mtu baki asinijibu mimi, huyo ameshaniaga. Na kama amekufa, ameshaniaga vilevile. Nimechoka kukaa kwenye kitanda chake. Waite ndugu."

Tutakaa msiba tarehe thelathini. Mama anataka tuanze saa sita mchana, saa yenu hiyohiyo. Kitanda tumekitoa ili watu wapate pa kukaa. Kompyuta nimeichomoa na kuipeleka kwa shangazi, iko uvunguni, imefungwa kwenye shuka. Ninakuomba jambo moja tu: usiahirishe kufunga hata dakika moja.

Dada wa Nyundo


30 Juni

Dada,

Nimechelewa, kwa dakika kumi na moja. Nilifikiri nikufiche, lakini kuficha ndiko kulikotufikisha hapa.

Saa sita kasoro dakika tano watu wote walikuwa wameshaaga. Wa mwisho aliandika kwamba hitilafu yake ya mwisho ilimshinda, na kwamba ameiomba radhi ile kompyuta na kuirudishia kifuniko chake. Akatoka. Ukurasa ukaonyesha: Waliopo, mmoja. Jua lilikuwa limeingia stoo mpaka kwenye rafu ya fyuzi, na nje watu wanapakia lori, wanataniana. Nikaweka kidole kwenye kitufe.

Saa ilipotimia sita ukurasa ulionyesha: Waliopo, wawili. Taa ya Nyundo ilikuwa kijani.

Nilikwenda kabatini. Kufuli limefungwa, kikaratasi kimo, kimekunjwa vilevile nilivyokikunja. Nikarudi. Chini ya ukurasa wa kuagana palikuwa na yale maneno madogo yanayotokea mtu anapobonyeza herufi: Nyundo anaandika. Nikamuuliza, "Ni nani?" Maneno yaliendelea. Nikaandika, "Mama yako anakulilia sasa hivi."

Maneno yakatoweka. Kisha yakarudi. Anaandika. Anaandika. Anaandika, muda mrefu kuliko jibu lolote nililowahi kumwona akiliandika. Dakika ya kumi yakazimika tena, na hakutuma kitu. Taa yake ilibaki kijani. Nilimwita kwa jina lake hilo la Barazani, kwa mdomo, peke yangu stoo, kama mwendawazimu.

Uliniomba nisichelewe. Nilifunga, dada. Nimefunga akiwa ndani.

Sijui kama nimekosea. Niambie.

Mwenye Funguo


2 Julai

Kaka,

Msiba ulikwenda vizuri. Watu walikuja wengi kuliko viti, hata mlinzi wa geti la ile ofisi alikuja, akakaa mlangoni na kofia mkononi. Mama alilia kwa sauti nisiyojua kwamba anayo. Jioni akaomba chakula, akala, akamaliza. Jana alilala mpaka jua likapanda. Alipoamka aliniambia nimtafutie siku kwa daktari wa macho. Miaka mitatu alikuwa anakataa, akisema haoni cha kumharakisha.

Ameniuliza kama umeandika. Nimemwambia hapana.

Hukukosea. Mimi ndiye niliyekuomba, na kosa kama lipo ni langu. Sitamwambia mama, wala wewe usije ukamwambia, hata akikupigia mwenyewe. Amemaliza. Sitamrudisha kwenye kile kitanda kwa ajili ya taa.

Ila kuna jambo nami nikupe, uwe nalo. Saa sita na kitu ile, nilikuwa nimemshika mkono, analia. Akanyamaza ghafla. Akageuza uso kwenye ukuta, pale meza ya kompyuta ilipokuwa, akatega sikio muda mrefu. Watu wakadhani amezimia. Kisha akatikisa kichwa, hapana, kama unavyomkatalia mtoto anayeomba kitu mbele ya wageni, akaendelea kulia. Nimemuuliza baadaye. Anasema hakumbuki.

Usiniandikie tena, kaka. Si kwa hasira. Nikiona jina lako naacha kazi mkononi, na nina mapazia ya watu ya kumaliza.

Mchana sirudi tena nyumbani kula. Nimejiunga na mabaraza mengine manne, ya watu nisiowajua. Nauliza hitilafu nisizokuwa nazo, kisha nakaa pale dukani nasoma wanavyonijibu. Wote ni watu wema, wananipa pole. Nasubiri mmoja atakayenijibu vibaya.

Dada wa Nyundo